Mtoto wa Siku Saba na Jina la Kiongozi



Ndugu msomaji, dada yangu anayeishi Gikondo amejaaliwa mtoto wa kiume. Siku ya tano baada ya kujifungua, mbuzi wawili wa akika wakiwa wameshanunuliwa, shemeji alinipigia simu. "Wewe unasoma dini chuoni," akasema. "Niambie, kuna ubaya gani nikimwita mwanangu Muammar Kadhafi?"

Hakuwa anatania. Jina hilo lilitakwa na baba yake mzazi, na upande wetu walikuwa wamelikataa. Siku mbili zilibaki. Nilimwomba anipe usiku mmoja nifikiri, na makala hii ni yale niliyoyafikiri usiku ule pamoja na mengine yaliyonijia baadaye.

Nianze na mzee, kwa sababu hoja yake si nyepesi. Kila mkazi wa Kigali anakifahamu Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu kilichopo Nyamirambo, chenye msikiti na shule. Kilijengwa kwa msaada wa Libya, na hadi leo watu wanapaita "kwa Kadhafi". Mzee alikulia katika nchi ambamo Waislamu waliitwa Waswahili kwa namna ya kuwatenga. Wakati wa ukoloni walitengewa makazi yao, na shule nyingi zilikuwa za misheni. Kwa mtu kama huyo, msikiti mkubwa na madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu havikuwa jambo dogo. Aliniambia, "Ninyi mmemjua kwenye televisheni. Sisi tumemjua kwa matofali." Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Upande wetu nao walikuwa na hoja. Mwaka 1996, katika gereza la Abu Salim mjini Tripoli, wafungwa zaidi ya elfu moja waliuawa, wengi wao wakiwa wamefungwa kwa sababu ya siasa au dini, na familia zao zilikaa miaka bila kuambiwa. Mwaka 1979 askari wa Libya walitumwa Uganda kumsaidia Idi Amin, na wengi wao walifia huko. Mama yangu hakutaja hata moja kati ya hayo. Aliuliza tu, "Mtoto ataenda wapi na jina hilo?"

Kosa la kwanza ambalo lingenipata lilikuwa kudhani kwamba nimeulizwa kama Gaddafi alikuwa mtu mwema au mbaya. Aliuawa Sirte tarehe 20 Oktoba 2011, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Tumekatazwa kuwatukana wafu kwa sababu wameshayafikia waliyoyatanguliza. Swali la shemeji lilihusu mtoto mwenye siku tano.

Sheria inasemaje? Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Aasiya, maana yake muasi, alimwita Jamila. Bwana mmoja aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alishauriwa aitwe Sahl, yaani wepesi. Akakataa, akasema habadilishi jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema ugumu ule haukutoka katika familia yao. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake kuhusu hukumu za mtoto mchanga, anataja pia kuchukiza kwa majina ya madhalimu kama Firauni, Karuni na Hamana.

Hapo ningeweza kumaliza kazi: jina la dhalimu, basi liachwe. Lakini tukitazama vizuri, mambo hayako hivyo. Muammar maana yake ni aliyejaaliwa umri mrefu. Linatoka katika mzizi mmoja na Umar, Ammar na Amr. Abu Jahl, adui mkubwa wa Uislamu pale Makka, jina lake halisi lilikuwa Amr bin Hisham. Hata hivyo Amr bin al-As alisilimu na jina lake, akafa nalo. Yazid nalo ni hivyo hivyo. Baada ya Karbala mwaka 61 Hijria, wapo Waislamu ambao hawawezi kulisikia. Lakini kabla yake palikuwa na sahaba Yazid bin Abi Sufyan, aliyeongoza jeshi la Sham, na baada yake Yazid bin Harun, mpokezi mkubwa wa hadithi. Neno halinajisiki kwa sababu ya mtu mmoja aliyelibeba.

Kwa hiyo Muammar peke yake halina neno. Kadhafi ni jambo jingine. Linatokana na kabila la Libya, na Gikondo hatuna mtu wa kabila hilo. Likiwekwa kwa mtoto wetu linabaki na maana moja tu: yule bwana. Tena lengo lake ni watu wazima wasikie. Mzee anataka wanaomdharau Gaddafi wasikie, na wao watasikia, kisha watajibu. Ila hawatamjibu mzee.

Hili nimeliona nyumbani. Binamu yangu alizaliwa mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, akaitwa Saddam. Baba yake alikuwa na hasira na mabomu yaliyokuwa yakiangushwa Baghdad, na hasira hiyo ilikuwa na msingi. Binamu amekua. Amewahi kwenda kwenye usaili wa kazi, na dakika tano za mwanzo zikaishia kwenye vicheko kuhusu jina lake. Siku hizi anajitambulisha kwa jina la pili. Nilipomuuliza kama anamlaumu baba yake, alisema, "Simlaumu. Yeye alikuwa na maneno na Marekani, mimi ndiye ninayejibu."

Si Waislamu peke yetu. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, kule Kisumu walizaliwa akina Barack na akina Michelle. Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini nayo ilikuwa ya wazazi.

Shemeji alinibana: "Sasa Umar na Ali je? Nao si watawala? Uthman si aliuawa na raia wake?" Ni swali zuri. Umar, Uthman na Ali (R.A.) tunawapenda kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliwashuhudia, na shahada hiyo haibadilishwi na taarifa ya habari ya kesho. Viongozi wa zama zetu hawana shahada hiyo. Ibn Masud (R.A.) alinasihi kwamba anayetaka mtu wa kumfuata amfuate aliyekwisha kufa, kwani aliye hai hajasalimika na fitina. Anayempa mtoto jina la kiongozi aliye madarakani anaahidi kitu ambacho hata kiongozi mwenyewe hawezi kukiahidi, yaani mwisho mwema.

Majengo yana nafuu. Msikiti mkubwa wa Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008, uliitwa Msikiti wa Gaddafi. Leo unaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda, na wanaosali humo hawakupungukiwa na kitu. Mtoto akitaka kubadilisha jina hapa Rwanda ni maombi kwa serikali na matangazo, baada ya miaka ya kuitwa hivyo shuleni.

Nilimjibu shemeji hivi: jina ni haki ya mtoto kwa baba yake na ni dua juu yake. Umri mrefu ni dua nzuri, mwombee. Shukrani ya mzee kwa aliyejenga msikiti nayo ni haki, lakini ni deni la mzee. Alilipe kwa kuuimarisha msikiti, na kwa kumwombea marehemu akipenda. Asimkabidhi mjukuu.

Siku ya saba walimwita Muammar. Kadhafi liliachwa. Niliondoka nimeridhika, nikidhani hoja imefanya kazi. Ijumaa iliyofuata nilirudi Gikondo, na kabla sijavua viatu nikamsikia jirani akiuliza mlangoni, "Kadhafi wetu ameamkaje?" Mzee akacheka kwa furaha. Dada akanyamaza.

Hapo ndipo nilipogundua upungufu wa jibu langu. Nilidhani nia ya baba inatosha, kumbe jina linaishi vinywani mwa watu. Allah katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, amekataza kuitana kwa majina ya kejeli, na amri hiyo haikuwalenga wazazi peke yao. Sisi Wanyarwanda tunasema izina ni ryo muntu, jina ndilo mtu. Na sisi hasa tunajua, kwa gharama tuliyoilipa mwaka 1994, jinsi mtu anavyoweza kuhukumiwa kwa neno lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, neno ambalo hakulichagua.

Basi ndugu yangu, katika darasa lako yumo Saddam, au Osama, au Muammar. Wengine ulishawatania, na mimi pia nimemtania binamu yangu. Ukikutana naye kesho, mwite jina lake kama dua aliyoombewa, na usimuulize habari za mtu mwingine. Kuhusu mtoto wa Gikondo, nimeanza na jirani. Nilimwambia jina lake ni Muammar. Aliniangalia kwa mshangao, kisha akalirudia taratibu.

Wallahu a'lam.