Msitoke Chuoni na Lugha Moja

Wanangu mnaosoma Kiingereza vyuoni, nasema nanyi, hasa mliofika mwaka wa tatu. Kila mkirudi nyumbani likizo mnaulizwa swali lile lile: ukimaliza utafanya kazi gani? Anayesomea udaktari haulizwi, wa uhasibu haulizwi, ninyi ndio mnaoulizwa. Majibu yenu nayafahamu, maana wanafunzi wangu wamekuwa wakinipa hayo hayo miaka nenda miaka rudi: nitafundisha, nitatafuta shirika, nitatangaza redioni, nitakwenda nje, nitaunganisha shahada ya pili. Hakuna jibu baya humo. Linalonitia hofu ni imani iliyo nyuma ya majibu yote hayo, kwamba Kiingereza chenyewe ndicho kitakachowaajiri. Hakitawaajiri. Nawaambia mapema, mngali na muda wa kufanya jambo.

Zamani imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Benjamin Mkapa alihitimu Kiingereza Makerere mwaka 1962. Nchi ilikuwa changa, wasomi walihesabika, na mwenye shahada yoyote alitafutwa alipo. Alipokewa serikalini, akapelekwa Dodoma, kisha akaingia mambo ya nje. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1966 alipewa kuhariri magazeti ya chama: The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili. Mwaka 1972 akaenda Daily News, 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, 1977 akawa waziri wa mambo ya nje, na 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Watu wengi wanaukumbuka urais wake wakakisahau chumba cha habari. Mimi nataka mkikumbuke hicho chumba cha habari, kwa sababu hapo ndipo shahada ya Kiingereza ilipogeuka kuwa kazi. Mhariri anasoma jambo zito usiku, anatenga la kweli na la uvumi, na kukicha jambo lile limeandikwa likaeleweka na mtu asiye msomi. Na alikuwa na lugha mbili mkononi. Angekuwa na moja tu, nusu ya kazi ile isingemhusu.

Leo hali ni ngumu zaidi kuliko wakati wake. Kiingereza mnachokijua, mhasibu anakijua, mwanasheria anakijua, muuguzi anakijua, na kila mmoja wao ana fani yake juu ya hicho. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba ambazo mtu akizipa mistari miwili zinamwandikia barua safi, isiyo na kosa la sarufi. Mwajiri aliyekuwa akimlipa kijana kuandika barua hizo hana haja naye tena. Ukimwendea ukamwambia "najua Kiingereza", umemwambia jambo ambalo simu yake inalijua.

Nianze na ualimu, kwa sababu ndiko wengi wenu mnakokimbilia dakika ya mwisho. Kuna shahada ya sanaa katika Kiingereza, na kuna shahada ya sanaa pamoja na elimu. Haya ni mambo mawili, na kila mwaka nakutana na kijana aliyelijua hilo akiwa ameshavaa joho. Usiyesomea elimu, ukitaka kuingia darasani kihalali, utatakiwa urudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, kwa ada nyingine na muda mwingine. Kama ualimu umo moyoni mwako, uliza leo, kwenye ofisi ya kitivo chako, si kwa rafiki wa bwenini. Na hata wenye sifa kamili hawapangiwi vituo moja kwa moja kama enzi zetu. Wanaomba kwa mtandao kwenye Ajira Portal, wanaitwa usaili, na walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi. Wapo waliojitolea kwenye shule za kata miaka kadhaa wakisubiri, wakiishi kwa michango ya wazazi wa wanafunzi. Nawaheshimu sana hao. Lakini msiende huko kwa kuwa mmekosa pengine. Mwalimu wa Kiingereza asiyependa kusoma ni hasara kwa mamia ya watoto. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili shule nzima ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Anayesimama kwenye daraja hilo ni wewe. Kama huna subira ya kumshika mkono, mwachie mwingine nafasi.

Kuhusu mashirika sitakawia. Wanaoajiriwa humo kwa uandishi wao huajiriwa kwa sababu wanaweza kuandika andiko la mradi lenye bajeti inayosimama, na ripoti isiyodanganya mfadhili. Insha nzuri juu ya Shakespeare haifundishi bajeti. Jifunzeni Excel. Ni jambo dogo, na kutolijua kumewanyima wengi kazi.

Sasa nifike kwenye mitego, na hapa naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza babu anapowaonya juu ya mto wenye mamba.

Mtego wa kwanza ni kazi ya nje inayokuja kwa ujumbe wa simu. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana wake juu ya ajira za uongo Thailand: huduma kwa wateja, mshahara wa dola, tiketi imelipwa. Walioitikia walivushwa mpaka hadi Myanmar, maeneo ya Myawaddy, wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Kazi yao ikawa kuwalaghai watu wa Marekani na Ulaya, na aliyekataa alipigwa. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa humo, wakiwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Sasa jiulizeni, walitafutwa watu wa namna gani? Vijana waliosoma, wanaoandika Kiingereza kinachoaminika, wasio na kazi. Yaani ninyi. Na wale wanaowaita mkafundishe Kiingereza China, jueni kwamba kibali cha kazi hiyo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Wakala anayekwambia "nenda kwa viza ya utalii, mengine yatajipa" anakupeleka mahali ambapo ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Mwajiri wa kweli hataki uvuke mpaka kabla ya mkataba. Anayekuharakisha, mkimbie.

Mtego wa pili ni laini zaidi, na unaniuma zaidi. Ni kuwauzia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Nairobi biashara hii iliota mizizi miaka mingi: vijana wenye shahada za Kiingereza wanakesha wakiandika kazi za darasa za watoto wa watu wengine, na jina linalowekwa juu si lao. Siwadharau, najua kodi ya nyumba haingoji. Lakini angalieni kinachobaki. Mwandishi wa miaka mitano kwenye biashara hiyo hana hata ukurasa mmoja anaoweza kumwonyesha mwajiri akasema huu ni wangu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza kazi hizo kwa wanafunzi wake wa England kuwa kosa la jinai. Kisha zikaja programu za akili mnemba, wateja wakapungua ghafla, na vijana wale wakaachwa bila kazi na bila wasifu. Kalamu yako ikijizoeza kuandika usiloliamini kwa jina lisilo lako, kuirudisha kwenye ukweli ni kazi ngumu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wenye vipaji ndio wanaonaswa kwanza.

Basi kazi iko wapi? Iko nyingi, na mnaipita kila siku mkienda kuchukua bumu. Iko katikati ya Kiingereza na Kiswahili.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Fikirini ukubwa wa jambo hilo. Sheria za nchi tangu ukoloni wa Waingereza ziliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwa sehemu kubwa zimeandikwa kwa Kiingereza miaka yote hiyo. Kuna kanuni, mikataba, fomu, hati za ardhi. Nani atavivusha vyote ambavyo havijavuka, tena kwa usahihi, ili mtu aliyehukumiwa aelewe kwa nini amehukumiwa? Mwanasheria peke yake hawezi, maana wengi wao Kiswahili chao cha kuandika kimedumaa. Mwenye Kiingereza peke yake hawezi pia. Atakayeweza ni yule aliyesoma lugha zote mbili kwa heshima sawa, kisha akakaa na wanasheria mpaka akaielewa kazi yao.

Nenda Muhimbili au Ifakara, kwenye utafiti wa malaria na chanjo. Kila mgonjwa anayeombwa kushiriki anapewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na mara nyingi fomu hiyo imeanzia kwenye Kiingereza cha watafiti. Nimezisoma baadhi. Zipo zilizofasiriwa kwa uangalifu, na zipo ambazo mama akizisoma mara tatu bado hajui kama mwanawe atapewa dawa au la. Anatia saini kwa kumwonea haya daktari. Mfasiri aliyeshindwa hapo amemnyima mama yule haki yake, na hakuna programu itakayobeba lawama hiyo. Ndiyo maana nasema mashine haijaimaliza kazi yenu. Mashine inatoa rasimu. Anayeweka jina lake chini ya tafsiri na kusema nathibitisha ni mtu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, linathibitisha tafsiri, na ni mahali pa kwenda kuuliza taratibu. Anayetaka ukalimani, wa mikutano ya Umoja wa Afrika uliokikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, au wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ajue kwamba kazi hiyo ina mafunzo yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundisha kwa ngazi ya umahiri. Kuongea haraka hakutoshi.

Nami nawaona wengi wenu mkikionea Kiswahili aibu. Mnajibiana korido nzima kwa Kiingereza cha filamu, na barua rasmi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja inawashinda. Hilo ndilo kosa ninalowaonya nalo kuliko yote. Mwalimu Nyerere alisomea Edinburgh, na Kiingereza chake wenye lugha walikistahi. Mtu huyo huyo, akiwa na mzigo wa nchi nzima kichwani, alikaa akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kupitiwa upya mwaka 1969, na Mabepari wa Venisi, mwaka huo wa 1969. Hakulipwa mshahara kwa hilo. Aliyepewa lugha ya pili ana deni kwa waliobaki na moja.

Deni hilo halijalipwa bado. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alitoa Paradise mwaka 1994. Visa vyake ni vya pwani yetu na bara yetu, watu wake ni babu zetu. Kiswahili chake, Peponi, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, kilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Miaka 28 msomaji wa Tanga na wa Mikindani alisubiri kitabu kinachomhusu. Vingapi vingine vimelala hivyo? Na ninyi mnaosema mnataka kuwa waandishi, jifunzeni pia hili kwa Gurnah: riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na miaka yote hiyo alikula jasho la kufundisha chuoni Kent. Msiache kuandika, lakini msiilazimishe riwaya ya kwanza iwalipie pango.

Kuna pia mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa kwanza na wa kila mwezi unaofuata mpaka deni liishe. Lipigie hesabu sasa, pamoja na wazazi, ili wasikuone umewasahau mwezi wa kwanza wa kazi. Wazazi wengi hawaelezwi jambo hili, wakadhani mtoto amekuwa bahili.

Likizo inayokuja msirudi nyumbani na madesa tu. Nendeni duka la dawa, ombeni karatasi ya Kiingereza inayokaa ndani ya boksi la dawa ya mseto ya malaria. Ifasirini yote, pamoja na maonyo na kiasi cha mtoto kwa uzito wake. Kisha msomeeni bibi, au jirani mwenye mtoto mgonjwa, na mwombeni awaeleze kwa maneno yake ni vidonge vingapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. Akikosea hata kimoja, andikeni upya. Mkishaipata sawa, mpelekeeni mfamasia aihakiki, wekeni majina yenu na tarehe, na iwe ukurasa wa kwanza wa jalada mtakalokwenda nalo kwenye usaili.