Sarafu ya Kweli na Ulimi wa Kweli

Tumeulizwa suali hili: mtu anayekusanya sarafu za kale akinunua moja kwa bei kubwa, kisha ikambainikia kuwa imechezewa, je, yafaa naye aiuze vile vile alivyouziwa, apate kurejesha mali yake? Wako wasemao kuwa hana lawama, kwani si yeye aliyeichezea. Sisi hatuoni hivyo. Walakini kabla ya kutoa jawabu yatupasa tuzipambanue sarafu zenyewe, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua.

Iko sarafu yenye kosa, na iko iliyogeuzwa. Yenye kosa ni ile iliyoharibika kiwandani bila ya kukusudiwa. Mfano wake ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka ule shaba ilihitajiwa vitani, na senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Lakini vipande vichache vya shaba vilikuwa vimesalia, vikapigwa chapa pamoja na vile vya chuma. Senti hizo za shaba ni chache mno, na leo moja hununuliwa kwa maelfu mengi ya dola.

Kwa ajili ya thamani hiyo wakatokea wenye tamaa. Mmoja huipaka shaba senti ya chuma. Huyu hufedheheshwa na sumaku, kwani shaba haivutwi nayo. Na mizani pia humfedhehesha, kwani senti ya shaba ina gramu 3.11, na ya chuma yapata gramu 2.7. Mwingine ni mjanja zaidi: huchukua senti ya shaba ya mwaka 1948, akaikwangua tarakimu 8 hata ikafanana na 3. Hapo sumaku na mizani hunyamaza, na shahidi aliyesalia ni kioo cha kukuzia. Kwani 3 ya mwaka 1943 ina mkia mrefu ulioteremka chini ya tarakimu nyingine, na hiyo ya kukwanguliwa haina.

Basi zitazame hizi mbili. Ya kwanza ina kasoro, na kasoro hiyo haikuitoa katika ukweli, kwani hapana aliyekusudia kumdanganya mtu. Ya pili madini yake ni sahihi na uzito wake ni sahihi, nayo ni ghushi, kwani mkono ulioigeuza ulitaka watu waamini kisichokuwa.

Wala mtu asidhani kuwa ghushi ni ya mkono tu. Wazee wetu wa pwani waliijua vyema reale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alikufa mwaka 1780, na reale zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile miaka mingi baadaye, hata Roma mwaka 1935 na London mwaka 1936. Je, tarehe hiyo ni uwongo? La. Wafanya biashara wa Uhabeshi na Arabuni waliitaka kwa sura waliyoizoea, na fedha yake ilikuwa timamu: uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha safi. Lakini leo mtu akiichukua reale iliyopigwa London, akamwambia mnunuzi kuwa ni ya siku za malkia mwenyewe, amefanya ghushi kwa sarafu ya kweli. Hakuikwangua kwa kisu, ameikwangua kwa ulimi.

Hapa ndipo lilipo jawabu la suali letu. Aliyenunua asijue amedhulumiwa, na Sheria imempa haki ya kumrudishia muuzaji kitu chenye aibu iliyofichwa. Haki hiyo ni juu ya aliyemwuzia, si juu ya mtu wa tatu ambaye hakumkosea neno. Tangu siku alipojua, kunyamaza kwake kumekuwa ni kauli, na akiuza kimya kimya ametoka katika waliodanganywa akaingia katika wadanganyi. Na ikiwa aliyemwuzia haonekani, aiuze kwa kubainisha kuwa imegeuzwa, apokee thamani ndogo iliyo yake.

Hasara hiyo ni nzito, hatukatai. Lakini kila atakayeipokea sarafu ile kwa siri atakuwa na hoja ile ile, ya kwamba naye aliuziwa. Na kwa hoja hiyo ghushi ya mtu mmoja yaweza kupita mikono mia. Hapana budi apatikane wa kukubali iishie kwake. Basi na awe yeye aliyekwisha kuijua.