Kamera Inayoomba Ruhusa

Ukitaka kununua kamera yako ya kwanza ya filamu ya fomati ya kati, utaulizwa maswali yaleyale: una bajeti gani, unataka lenzi ipi, nani atakusafishia filamu? Ni maswali ya maana. Ukishanunua bodi ya Hasselblad, lenzi za Mamiya hazitakufaa kitu. Umeshaoa ukoo mzima. Lakini lipo swali ambalo fundi hawezi kukujibia: kamera hii itakuzoesha kuwatazama watu vipi?

Filamu ni ileile, namba 120, iliyoletwa na Kodak mwaka 1901. Kinachotofautiana ni mtambo unaoibeba. Mamiya RB67 ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, inapenda kusimama juu ya miguu mitatu, na mkanda mmoja unakupa picha 10 tu. Huwezi kumvizia mtu na dude kama hilo. Atakuona unavyohangaika, atauliza unafanya nini, na itabidi umjibu. Rolleiflex ni kinyume chake. Inaning'inia tumboni, unainamisha kichwa kutazama kioo, na shata yake haisikiki kwenye kelele za mtaa. Anayepigwa picha huenda asijue kabisa.

Vivian Maier, yaya wa Chicago, alizunguka na Rolleiflex miaka mingi, akaacha negativu zaidi ya 100,000. Umaarufu ulimfikia baada ya kufa mwaka 2009. Wengi waliomo kwenye picha zake hawakuombwa. Na picha zenyewe ni nzuri mno. Hapo ndipo penye shida. Diane Arbus naye, katika miaka ya 1960, alihamia kamera za mraba za aina hiyohiyo, ila watu wake wengi wanaitazama lenzi moja kwa moja. Wanajua. Hata hivyo Susan Sontag alimkosoa vikali katika On Photography (1977). Kumbe ruhusa peke yake haimtakasi mpiga picha.

Basi ruhusa ina faida gani? Kwangu mimi, faida yake ni moja: inampa mwenzako nafasi ya kukataa. Sisi waandishi wa habari tumezoea simu, picha 40 kwa dakika, halafu tunachagua. Aliye mbele yetu hapati hata sekunde ya kusema subiri.

Utaniambia mtu akiombwa anajiweka sawa, anafunga kifungo cha shati, na ukweli unatoroka. Sikubali. Anayefunga kifungo anakuonyesha namna anavyotaka kukumbukwa, na huo nao ni ukweli wake. Picha ya kuvizia inatupa ukweli wetu sisi tuliomtazama.

Najua hoja hii ina mpaka. Askari anayempiga raia virungu haombwi ruhusa, na siku hiyo hakuna mwenye akili atakayebeba RB67. Mwenye nguvu anastahili kuviziwa. Muuza maandazi anayejitafutia riziki hastahili.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, anza na ile nzito. Baadaye, ukishazoea kusalimia kabla ya kufyatua, chukua nyepesi. Mkono ukishajifunza adabu, kamera ndogo haitaisahaulisha kirahisi. Ila ukianza na wepesi, adabu utaitafutia wapi?