Nani Humchora Mtu wa Msituni?

Imezoeleka kusema kuwa sanaa ni kioo cha jamii. Usemi huo ni wa kweli, lakini haujakamilika, kwani kioo hakijishiki chenyewe. Kina mwenye kukishika, naye ndiye aamuaye kimwelekee nani. Twapenda kulipima jambo hili kwa kutazama aina moja ya filamu za Marekani, nazo ni filamu za kutisha ambazo matukio yake hutokea misituni, milimani na nyikani, mbali na miji.

Muundo wa filamu hizo haubadiliki sana. Wasafiri kutoka mjini hupotea njia au huishiwa mafuta, kisha huangukia mikononi mwa wenyeji maskini, wachafu, wenye sura za kuogofya, ambao huwawinda kama wanyama. Ndivyo ilivyo katika The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, The Hills Have Eyes ya 1977, na Wrong Turn ya 2003.

Iliyozitangulia ni Deliverance ya 1972, iliyoongozwa na John Boorman kutokana na riwaya ya James Dickey. Humo, mabwana wanne wa mjini wanateremka mto wa Georgia kwa mitumbwi kabla bonde halijafunikwa na maji ya bwawa la umeme. Watazamaji wengi hukumbuka ukatili wa wenyeji wawili. Wachache hukumbuka kwamba bwawa hilo linawahamisha wanakijiji, na kwamba mwishoni makaburi yao yanafukuliwa. Basi ni nani aliyemvamia mwenziwe? Vilevile katika filamu ya 1974, wauaji ni ukoo wa wachinja ng'ombe, na mmoja wao analalamika kuwa zana mpya zimewanyima watu kazi. Dhuluma imetajwa, kisha aliyedhulumiwa akageuzwa zimwi.

Yupo atakayesema kuwa dawa ni kuwaingiza watu wa kila rangi katika picha. Wrong Turn iliyotengenezwa upya na kutolewa mwaka 2021 ilifanya hivyo katika kundi la wasafiri. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Milima ya Appalachia, ambako visa vya namna hii huwekwa mara nyingi, haikukaliwa na Wazungu maskini peke yao. Ni nchi ya Wacherokee, ambao wengi wao walifukuzwa kwa nguvu mwaka 1838. Na Wamarekani Weusi wengi wamechimba makaa ya mawe humo. Aghalabu filamu hizi huwafuta wote hao. Kubadili rangi za wanaowindwa, huku mwenyeji akibaki mnyama yule yule, ni kupaka chokaa nyumba yenye ufa.

Hatusemi kwamba hadithi za kutisha zipigwe marufuku. Bibi zetu nao walitusimulia habari za zimwi, nasi tukalala tumejifunika gubigubi. Lakini zimwi halina kijiji kinachojulikana, wala shule ambako mwanawe atachekwa kwa lafudhi yake. Mtu wa milimani anavyo vyote viwili. Zaidi ya hayo, sanaa hiyo hiyo yaweza kujirekebisha: katika Tucker & Dale vs. Evil ya 2010, wanakijiji wawili wapole wanadhaniwa kuwa wauaji na wanafunzi waliotoka mjini, na hofu ya wanafunzi hao ndiyo inayowaangamiza.

Wala tusijidhani tumesalimika. Neno "mshamba" latokana na shamba, mahali panapotulisha. Hata hivyo vinywani mwetu limekuwa tusi. Basi mwalimu na mwanafunzi watakapokaa mbele ya filamu yoyote, na waulizane: mtu huyu aliyechorwa, lau angalikuwa ameketi hapa kati yetu, angalijitambua?