Anania yupi?

Mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada, mtoto akiwa mgongoni. Baba mkwe wake amempa mjukuu jina la Anania, jina la kaka yake aliyetangulia mbele ya haki, na ubatizo umebaki wiki mbili. Majirani wanamcheka. Kila akilitaja jina wanamuuliza Safira yuko wapi, na wapo waliomwambia waziwazi kwamba anamtwika mtoto laana. "Mwalimu," akaniuliza, "nimkatalie mzee?"

Nilimwambia asimkatalie. Watu walikuwa wanatusubiri, nikaachana naye kwa jibu hilo fupi. Alistahili jibu refu kuliko lile, basi ninampa hapa, na wewe msomaji usikilize pamoja naye.

Kwa Kiebrania jina hili ni Hananya. Sehemu yake ya kwanza imetoka katika kitenzi hanan, maana yake kumfadhili mtu, kumtendea wema ambao hakuufanyia kazi. Sehemu ya mwisho, ya, ni ufupisho wa jina la Mungu. Bwana amefadhili, Bwana amejalia neema. Mzizi huohuo ndio uliozaa jina la Hana, mama yake Samweli. Hata Yohana ni maneno hayohayo mawili, ila jina la Mungu limetangulia. Hananya lilipoandikwa kwa Kiyunani likadondosha h yake ya mwanzo, ndiyo maana Biblia zetu zina Hanania katika Agano la Kale na Anania katika Agano Jipya, na wengi wetu tunasoma miaka na miaka bila kutambua kwamba ni jina moja. Kwa hiyo, mama, mwanao na yule binti wa jirani anayeitwa Neema mmewapa karibu jina lile lile. Mbona Neema hachekwi?

Sasa tumtazame huyu anayewatisha watu. Katika siku zile za mwanzo kule Yerusalemu waumini waliuza mali zao na kuleta fedha kwa mitume ili wahitaji wagawiwe. Barnaba, Mlawi wa Kipro, aliuza shamba akaleta fedha yote. Anania naye akauza kiwanja, akaficha sehemu ya fedha, mkewe akijua, kisha akaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Wengi wanadhani kosa lake lilikuwa kubakiza. Petro alimweleza wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hakijauzwa, na kilipouzwa fedha ilikuwa mkononi mwake aifanyie apendavyo. Angeleta nusu akasema hii ni nusu, angepokewa kwa shukrani. Alitaka aonekane kama Barnaba bila kutoa kama Barnaba. Akaanguka akafa, na baada ya kama saa tatu Safira akaingia bila kujua lililompata mumewe. Petro akamuuliza bei. Akataja ileile waliyoafikiana nyumbani, naye akaanguka akafa.

Mwaka hadi mwaka ninaitwa katika vikao vya familia kusuluhisha, na kesi hii ya bei mbili ninaikuta mara nyingi mno. Kaka mkubwa ameuza kiwanja cha marehemu baba. Mnunuzi ametoa kiasi fulani, wadogo zake wametajiwa kiasi kingine, na mke ameshafundishwa la kusema mawifi wakiuliza. Siku moja mnunuzi anakutana na mdogo mtu sokoni, wanapiga soga, na bei ya kweli inatoka yenyewe. Nimewaona ndugu walionyonya titi moja wakizikana bila kusemeshana. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi fedha ile wangemwachia. Dada zake walijua kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mzee, kwamba ana watoto shuleni. Kama angesema, "Jamani, nimeuza kwa kiasi hiki, naomba nibaki na sehemu hii kwa ajili ya ada," yangezuka maneno kidogo, kisha chai ingeletwa.

Basi ndugu yangu, taja bei. Kwenye harambee, kama unazo elfu kumi sema elfu kumi, usisimame ukaahidi laki ili upigiwe makofi, halafu mweka hazina akianza kukupigia simu huzipokei. Fedha iliyobaki mfukoni mwako haikuchafui. Kinachokuchafua ni lile jina la kutoa ulilojipatia bila kutoa.

Nawe mke, nawe mume, mtazame Safira. Lile swali la bei lilikuwa mlango aliofunguliwa makusudi. Neno moja la kweli lingemtoa. Kuwa mwili mmoja na mtu hakukulazimishi kuwa shahidi wa uongo wake, na mwenzako akikuomba umlindie uongo una haki ya kumwambia, kwa upole, kwamba hapo humfuati.

Lakini huyo ni mmoja tu, na jina hili limebebwa na wengi. Karne kadhaa kabla yake alikuwapo Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Mfalme wa Babeli alikuwa amechukua vyombo vya hekalu na kuwahamisha watu, na Yeremia alikuwa akitembea na nira ya mti shingoni kuwaonyesha wenzake kwamba utumwa bado haujaisha. Hanania akasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 kila kitu kitarudi. Yeremia alijibu amina. Alitamani iwe hivyo kweli, na hilo linanigusa kila nikilisoma, maana nabii wa habari mbaya hakuwa amezipenda habari mbaya. Hanania akaitwaa ile nira shingoni mwa mwenzake, akaivunja. Yeremia akaenda zake, kisha akarudi na neno zito kwamba mahali pa nira ya mti itakuja ya chuma. Hayo yalisemwa mwezi wa 5. Mwezi wa 7 wa mwaka uleule Hanania alikuwa amekufa, na watu waliofungasha mizigo moyoni kwa ahadi yake wakabaki wanangoja.

Nawaomba sana wenzangu tunaosimama mbele za watu. Mama aliyeuza mbuzi wake ili aje kuombewa hahitaji tarehe uliyoibuni. Mwambie unaloliona, mwombee, na kama hujui siku ya kupona, kaa naye katika kungoja.

Wapo pia akina Hanania ambao hawana habari ndefu. Yerusalemu ilipojengwa upya chini ya Nehemia, mmoja wao alikuwa mtengeneza manukato, mtu wa mafuta na viungo, naye akashika kipande chake cha ukuta akabeba mawe kama wengine. Mwingine alikuwa mkuu wa ngome, naye Nehemia alimkabidhi mji, yeye pamoja na Hanani ndugu yake Nehemia, kwa sababu moja tu iliyoandikwa, kwamba alikuwa mwaminifu na alimcha Mungu kuliko wengi. Ukoo wake haukutajwa, wala mali yake. Akapewa dhamana ya mji uliomaliza ukuta wake kwa siku 52.

Na kule Babeli alikuwapo kijana tunayemwita Shadraka. Hilo ni jina alilobandikwa na mkuu wa matowashi; kwao aliitwa Hanania. Danieli alipopata jambo gumu alikwenda nyumbani akawaeleza wenzake, na hapo maandiko yanawataja kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mfalme aliendelea kumwita Shadraka hadi mbele ya tanuru lililochochewa mara 7 kuliko kawaida, na aliyekataa kuisujudia sanamu ya mfalme ni yule aliyelelewa kama Hanania.

Mama, kama majirani watakuuliza mtoto ameitwa kwa jina la Anania yupi, waambie yule wa Dameski. Mchaji wa Mungu aliyeifuata sheria, ambaye Wayahudi wote wa mji ule walimsema vizuri. Aliambiwa katika maono aende mtaa uitwao Nyofu, katika nyumba ya Yuda, amtafute Saulo wa Tarso. Mtaa huo upo hata leo katika mji wa kale wa Dameski. Anania aliogopa, wala hakuficha hofu yake. Alikuwa amesikia mabaya ambayo Saulo aliwatenda waumini wa Yerusalemu, na alijua ana kibali cha kuwakamata wa Dameski pia, yeye akiwa mmoja wao. Akaambiwa aende tu. Akaenda. Akamkuta mtu aliyekaa siku 3 haoni, hali, hanywi. Akamwekea mikono, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwita ndugu. Nakuomba uanzie hapo utakapomlea huyu mtoto, mfundishe kwamba inawezekana kuogopa na bado ukaenda, na kwamba mtu aliyekuja kukudhuru anaweza kuitwa ndugu kabla hajaomba radhi.

Baada ya hapo Anania hatajwi tena katika safari zote za Saulo, ambaye ndiye Paulo. Ilipita miaka zaidi ya 20. Paulo akakamatwa Yerusalemu, umati ukitaka kumuua, akaomba ruhusa aseme nao. Akasimama kwenye ngazi akazungumza kwa Kiebrania, na katika maneno machache aliyopata nafasi ya kusema alimtaja mtu yule wa Dameski kwa jina, akasimulia jinsi alivyosimama karibu naye na kumwita ndugu Saulo.

Siku iliyofuata akapelekwa mbele ya baraza. Kuhani mkuu wakati huo aliitwa Anania pia. Mwanahistoria Josephus ameandika jinsi watumishi wa kuhani huyo walivyokwenda kwenye viwanja vya kupuria nafaka wakachukua kwa nguvu zaka za makuhani maskini. Paulo alikuwa amesema sentensi moja tu mbele ya baraza wakati Anania huyo alipowaamuru waliosimama karibu wampige kinywani, kinywa kilekile ambacho jana yake, pale kwenye ngazi, kilikuwa kimelitamka jina hilo kwa upendo.