Ushahidi Alioukataa Mtume (s.a.w.)



Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho likiwa limekaribia, ndugu mmoja tunayesoma naye alinitumia habari kwenye WhatsApp baada ya tarawehe. Yeye anasomea teknolojia ya habari. Alisilimu miaka miwili iliyopita. Aliyemtamkisha shahada si mimi, lakini aliyemtumia video za mwanzo ni mimi. Moja ya video hizo ilihusu aya ya 47 ya Suratu Adh-Dhariyat, ikidai kwamba Qur'ani ilitaja kupanuka kwa ulimwengu miaka 1300 kabla ya wanasayansi kugundua. Aliwahi kuniambia kuwa video ile ndiyo iliyomfanya aache kutukejeli akaanza kutusikiliza.

Habari aliyonitumia usiku ule ilihusu watu wanaopima kupanuka huko. Chini yake aliandika maneno machache tu: "Ustadh, na hii tuifanyeje?" Huniita ustadh kwa utani, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu. Safari hii sikuona utani.

Nieleze kwanza habari yenyewe, maana wengi wetu tunazisikia habari hizi juujuu. Mwaka 1929 Edwin Hubble alionesha kwamba galaksi zinaachana, na kadiri galaksi ilivyo mbali nasi ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi. Padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa amekwisha kuifikia hesabu hiyo miaka miwili kabla. (Ndiyo, padri. Tunaposimulia kisa hiki misikitini, sehemu hiyo huwa tunairuka.) Mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima nyota zinazolipuka zikakuta jambo ambalo hazikulitarajia: kupanuka hakupungui kasi, bali kunaongezeka. Kitu kinachosukuma kikapewa jina la nishati ya giza, jina ambalo kwa kweli ni njia ya heshima ya kusema hatujui ni nini. Tangu hapo hesabu nyingi zilichukulia kuwa nguvu ya nishati hiyo haibadiliki.

Sasa kuna chombo kiitwacho DESI, kilichofungwa kwenye darubini moja ya Kitt Peak, Arizona. Kina nyuzi 5,000 za kupokea mwanga, na kila uzi huelekezwa kwenye galaksi yake. Machi 2025 wenye chombo hicho walitoa matokeo ya miaka mitatu ya kazi, yenye karibu galaksi na kwasa milioni 15. Wakiyaunganisha na vipimo vingine, yanaashiria kwamba nishati ya giza inadhoofika kadiri muda unavyopita. Wenyewe wanasema bado hawajafikia kiwango cha kuuita ugunduzi. Ulimwengu bado unapanuka, na hakuna aliyesema umesimama. Lakini ikiwa dalili hii ni ya kweli, hatuwezi kusema tena kwa yakini kwamba utapanuka milele, na baadhi ya hesabu zinaacha mlango wazi kwamba huko mbele sana unaweza kuanza kujikunja.

Niliipeleka habari ile kwenye kundi letu la da'wa nikitafuta msaada. Jibu lilifika kabla sijamaliza chai. Ndugu mmoja aliandika takbira, akafuatisha aya ya 104 ya Suratul Anbiyaa, inayozungumzia mbingu kukunjwa kama karatasi za maandishi. Alhamdulillahi, akasema, sayansi imetufikia tena. Wengine wakaweka alama za moyo.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ulimwengu ukipanuka, tunayo Adh-Dhariyat. Ukikunjika, tunayo Al-Anbiyaa. Ukisimama, sina shaka tutapata nyingine. Nilipomwonesha ndugu yangu jibu hilo, alisema jambo ambalo sijaweza kulisahau: programu inayojibu "kweli" kwa chochote unachoiingizia haijakagua kitu.

Nikarudi kwenye tafsiri, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kumtumia mtu video. Neno lililobeba hoja yote katika aya ile, musi'un, linatokana na mzizi uliotupa sisi Waswahili neno "wasaa". Umbo hilohilo la neno limo katika Suratul Baqarah aya ya 236, na pale anayesemwa ni mume mwenye uwezo, anayetakiwa kumliwaza mke aliyemwacha kwa kadiri ya mali yake. Hakuna galaksi pale. Ndiyo maana At-Tabari aliielewa aya ya Adh-Dhariyat kuwa inasema Allah ni Mwenye wasaa wa kuziumba mbingu na kufanya atakalo. Ibn Kathir akaona kuwa ni kuzifanya mbingu ziwe pana na kuziinua bila nguzo. Maana ya kupanua ipo katika lugha, siikani, na huenda ndiyo. Lakini mimi nilimwambia mtu kwamba ndiyo maana pekee na kwamba haina mjadala, ilhali sikuwa nimefungua hata kitabu kimoja.

Kuna mfano wa karibu na kwetu unaonisumbua zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili likaizunguka dunia. Vipimo vyake vilisaidia kuwafikisha wanasayansi kwenye hitimisho kwamba katika Cygnus X-1 kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiponyoki. Leo utasikia kwenye mihadhara kwamba mashimo meusi yametajwa katika aya za 15 na 16 za Suratu At-Takwir. Sasa, Malindi na pwani ile yote ni nchi ya Uislamu tangu zamani. Juzuu Amma husomwa na watoto chuoni, na sura hiyo wanaihifadhi kabla hawajabaleghe. Wazee wao waliisoma na kuifasiri kwa karne nyingi: wengi wakasema ni nyota zinazojitokeza na kujificha, na imepokewa kwa Ibn Mas'ud kuwa ni ng'ombe wa porini. Hakuna aliyesema kuna kitu angani kinachomeza nuru, twendeni tukakitafute. Utabiri wetu daima huja baada ya wengine kumaliza kazi. Mtu akikutabiria matokeo ya mpira dakika ya 95, humwiti nabii.

Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, na si swali la nyota. Je, inajuzu kumvuta mtu kwenye haki kwa hoja ambayo wewe mwenyewe hujui kama ni sahihi? Wapo watakaosema inajuzu, na hoja yao si ya kipuuzi. Ndugu yangu leo anaswali. Kama si video ile pengine asingeswali. Matunda ni mazuri, kwa nini tuchimbe mizizi? Mmoja wa viongozi wetu aliniambia hivyo kwa upole, akaongeza kuwa kuna vijana wengi Kampala wanaoondoka kwenye dini kwa kudhani imani na elimu haviwezi kukaa nyumba moja, na video hizi zinawazuia mlangoni. Sikuwa na jibu siku ile.

Jibu nililipata katika hadithi ambayo sote tunaijua kwa sababu ya fiqhi yake, na labda ndiyo sababu hatuisomi kwa sababu nyingine. Mwaka wa kumi wa Hijra, Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.) aliyezaliwa na Bi Mariya, alifariki kabla hajatimiza miaka miwili. Mtume alilia mbele za watu. Wanawe wa kiume walikuwa wamemtangulia, na kati ya mabinti alikuwa amebaki Fatima peke yake. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Wanafalaki wa leo wakihesabu kurudi nyuma wanaiweka tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim.

Hebu tukae hapo kidogo. Hakuwatuma waseme. Hakutunga uongo wowote. Mbingu zenyewe, kwa macho ya kila mtu, zilionekana kuomboleza pamoja naye. Mjini walikuwepo wanafiki, nje walikuwepo makabila yaliyosilimu jana tu. Angenyamaza, imani ya wengi ingezidi, na mzazi aliyefiwa angepata heshima ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuipata. Kunyamaza kwenyewe kusingehitaji hata neno. Badala yake, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliwaeleza kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na kwamba havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Akawaamuru wamwombe Allah na waswali mpaka hali ile iondoke.

Aliukataa ushahidi uliokuwa upande wake kwa sababu haukuwa wa kweli. Nami niliupokea na kuusambaza ushahidi ambao sikujua kama ni wa kweli, kwa sababu ulikuwa upande wangu.

Imam Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, anatumia suala hilihili la kupatwa kwa jua na mwezi. Maana ya anachosema ni kwamba mtu aliyekwisha kuijua hesabu ya kupatwa, ukimwambia hesabu hiyo inapingana na sharia, hataitilia shaka hesabu, ataitilia shaka sharia. Na anaona kuwa madhara ya anayeitetea dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeishambulia. Kweli, yeye alikuwa akiwasema wanaoikataa hesabu. Kosa letu ni la upande wa pili: tunaipenda hesabu mpaka tunaifungisha ndoa na aya, tukisahau kuwa hesabu ina haki ya kubadilika. Ni sifa yake hiyo. Watu wa DESI wanajaribu kuliangusha wazo walilolizoea, na wakifaulu watapongezwa na walewale waliofundisha wazo hilo. Sisi ndio tutakaobaki na talaka mkononi.

Haina maana kwamba tuache kutazama juu. Mwisho wa Aal Imran, aya ya 190 na 191, wenye akili wanasifiwa kwa kumkumbuka Allah na kuzitafakari mbingu na ardhi, na kutafakari kwao kunaishia kwenye dua. Hakuishii kwenye kumshinda mtu mjadala. Nafikiri hapo ndipo tulipopotea njia: tumeigeuza mbingu kuwa silaha, na mwenye silaha hutazama adui, hatazami mbingu.

Nakumbuka kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013, ambako kulipita Pakwach na kugeuza jioni kuwa usiku kwa sekunde chache. Sisi Kampala tuliona jua likiliwa upande tu. Nilikuwa P.4. Mama aliweka maji kwenye beseni tutazame kivuli chake, na jirani akasema lazima mkubwa fulani wa nchi atakufa. Msikitini wazee walikuwa wakibishana kama swala ya kusuf inajuzu baada ya Alasiri. Imam, ambaye ni Shafii, akawaambia ina sababu yake, akakimu. Sikuelewa kitu, ila nakumbuka rukuu ilikuwa ndefu na nje kulikuwa na mwanga wa rangi ambayo sijaiona tena.

Ndugu yangu na mimi tulikutana baada ya Idi, tukakaa nje ya msikiti wa Kibuli, pale mlimani ambapo usiku unaiona Kampala yote ikiwaka taa na nyota chache zilizoachiwa nafasi. Nilimwambia yote haya. Nilimwomba radhi. Akanyamaza kwa muda ulionitia hofu, kisha akauliza: "Kwa hiyo mimi nilisilimu kwa kosa lako?"

Nilikuwa nimeandaa jibu, likanitoka kichwani. Nikamuuliza yeye, ni nini kinachomwamsha Alfajiri siku hizi. Alifikiri. Akasema si video ile, hajaitazama tena tangu alipoanza kuswali. Akasema habari za mama yake alipougua, na sura fupi aliyokuwa akiirudia njiani kwenye basi, ambazo ni zake na sitaziandika hapa. Halafu akanisimulia DESI upya, kwa undani kuliko nilivyoelewa, na nikamwona anafurahi kwa namna ambayo hakuwa akifurahi tulipokuwa tukiitumia sayansi kama rungu.

Tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu, jua litapatwa tena. Makkah litafunikwa lote kwa takribani dakika 5. Hapa kwetu litaliwa sehemu tu, mchana. Ameshaiweka tarehe kwenye simu yake pamoja na dakika za kuanza na kumalizika. Kusuf hajawahi kuiswali, na ameniomba nimfundishe rakaa zake mbili, zenye rukuu mbili kila moja.