Kuelewa na Kuhukumu

Sheria na saikolojia zinakutana katika swali moja: aliyetenda kosa, je, angeweza kutolitenda? Wakili analiuliza kwa sababu kuna mtu kizimbani anayengoja hukumu. Mwanasaikolojia analiuliza kwa sababu anataka kujua mtu huyo amefikaje hapo. Anayesomea shahada za fani zote mbili hana upande wa pili wa kulisukumia, na hapo ndipo masomo yake yanapogeuka kuwa falsafa, apende asipende.

Jijini Dar es Salaam fani hizi zimekulia mbalimbali. Ufundishaji wa sheria ulianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kikuu kuhamia Mlimani. Saikolojia ilishika mizizi zaidi katika elimu na ustawi wa jamii: husomwa na walimu watarajiwa pale Chang'ombe, Temeke, na maafisa ustawi wa jamii pale Kijitonyama, Kinondoni.

Swali lenyewe lilifika pwani hii kabla ya mahakama za kikoloni. Fiqhi ya Kiislamu humtwika wajibu mtu aliyebaleghe mwenye akili timamu, ikamwondolea hesabu mtoto, aliyelala na mwenye wazimu mpaka hali hizo zimtoke. Kanisa Katoliki nalo hufundisha kwamba hata jambo liwe zito kiasi gani, si dhambi ya mauti bila ujuzi kamili na ridhaa ya mtu mwenyewe. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinapita humo humo: hakimtii hatiani mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia. Hilo la kushindwa kujizuia linavuka mpaka wa kanuni ya Kiingereza ya 1843, iliyotokana na kesi ya Daniel M'Naghten na kutazama ujuzi peke yake. Ni hatua kubwa ya utu, kwa kuwa wapo wanaojua wazi kwamba wanakosea na bado hawana breki.

Ila dini humwachia Mungu kuusoma moyo. Mahakama haina pa kukimbilia isipokuwa ushahidi, na ndiyo maana mshtakiwa hupelekwa taasisi ya magonjwa ya akili ya Isanga, Dodoma, akachunguzwe na taarifa irudi kwa jaji. Daktari hueleza ugonjwa. Kama mtu ana hatia au hana, si lake kuamua. Sheria inasema wazi kuwa kuugua tu hakutoshi, mpaka ugonjwa uwe umezaa mojawapo ya hali zile tatu.

Saikolojia ikiachiwa nafasi yote inaweza kuimeza lawama nzima, maana kila kitendo kina chanzo, na chanzo hicho kina chanzo chake. Kijana wa Mbagala aliyepora simu ana historia ya kipigo na njaa, na historia hiyo ni ya kweli. Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson, katika mhadhara wa mwaka 1962, alitenganisha kumtazama mtu kama mwenzetu, wa kulaumiwa na kushukuriwa, na kumtazama kama jambo la kutibiwa au kudhibitiwa. Kumlaumu kijana yule ni kuendelea kumhesabu miongoni mwa watu. Historia yake ipewe uzito wakati wa kupima adhabu. Hatia ni suala jingine.

Kwenye ushahidi, sheria ndiyo inayohitaji kufundishwa, ingawa mahakama za Tanzania hazikulala. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: mwanga ulikuwaje, umbali gani, shahidi alimtazama kwa muda gani. Miaka sita kabla yake, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha filamu za ajali za magari, wakaona kwamba kubadili kitenzi kimoja cha swali kulibadilisha mwendo uliokadiriwa na watazamaji. Walioulizwa kwa kitenzi kizito zaidi walikuwa wepesi zaidi kusema baadaye kwamba waliona vioo vilivyovunjika, na havikuwapo. Taa ya barabarani mahakama inaipima. Swali la askari lililomtia shahidi maneno hupimwa mara chache mno.

Ugumu huu wa kupima maneno ya shahidi huonekana zaidi kwa mtoto. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke hushughulikia mirathi na mashauri ya familia, na wazazi wanaoachana hugombea malezi humo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatanguliza ustawi wa mtoto. Inachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na inataka matakwa ya mtoto yazingatiwe akifikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe. Lakini mtoto aliyelala kwa baba miezi mitatu, akisikia mama akisemwa vibaya kila jioni, anatoa maoni ya nani? Hakimu atasikia maneno, na afisa ustawi wa jamii atakwenda nyumbani na kuleta taarifa. Kujua ni wapi sauti ya mtoto inaishia na ya mzazi inaanza ni ujuzi wa fani moja. Kujua uzito gani upewe sauti hiyo ni wa nyingine. Vyote viwili vinahitajika asubuhi hiyo hiyo, katika chumba hicho hicho.

Kuna pia mahali sheria inapaswa kurudi nyuma kabisa. Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tishio la adhabu hudhani kwamba mtu anaogopa kupoteza kitu, na aliyekata tamaa ya uhai hana hofu hiyo; linachofanya ni kumfanya yeye na ndugu zake wafiche hali yake wasitafute tiba. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha aina hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Bunge la Tanzania lina sababu za kutosha kukifuta cha kwake.